Tai-tai

Mize ndiye aliyesema kwanza: "Kunanuka."
Nikamwambia ni mwani wako huo,
gunia thelathini na mbili nyuma yetu, kwa nini kusinuke?
Akanyamaza hadi mteremko wa Kinyasini.
Kisha: "Mwani wangu naujua, Faki.
Nimeuanika siku tano, nimelala nao nyumba moja.
Hii ni sufuria iliyosahauliwa jikoni."

Sikumjibu. Taa ya oili haikuwaka.
Haijawaka tangu Bedifodi hii ikiwa ya mkwe wangu,
nami nimeibandika plasta
ili abiria wasiulize.
Mshale wa kipimo ulikuwa umelala,
lakini ule hulala hata siku za heri.

Basi akafungua mlango, gari ikienda.
Mguu mmoja nje, buibui linapiga kioo.
Nikakanyaga breki mara mbili, ya tatu ikashika.
Injini ikagonga mara moja, ko,
kama mgeni asiye na hakika na nyumba,
nikaizima kabla haijarudia.

Nikainama. Chini hakuna kinachovuja.
Hilo ndilo lililonitisha:
chombo kilichokwisha kumwaga hakivuji.

Nikarudi nyuma kwa miguu, nikiisoma lami.
Mstari mweusi, mpana kama mkono,
umepinda pale nilipomkwepa mbuzi,
umenyooka pale nilipokuwa nikibishana na Mize.
Penye kalvati ukakatika, ukawa matone,
na matone yakaendelea kupanda kilima,
pengine mpaka Micheweni,
pengine mpaka Jumanne ile
nilipoikaza nati ya sampu, resi ikateleza,
nikajifuta mikono, nikasema: itafika.

Palipogeuka tone kuwa mstari, hapo ndipo ilipodondoka.
Aliyekuwa nayo ni mtoto mwenye kaptura ya skuli,
anairusha kiganja hiki kwenda kile, bado ya moto.
"Nimeiokota. Haina mwenyewe."
Nikamwonyesha mikono yangu ilivyo myeusi.
Akaikagua kama karani wa mahakama.
Hata hivyo alitaka mia tano.

Nilimkuta Mize ameshusha gunia moja, amelikalia.
Mnunuzi wa Wete hufunga mzani saa kumi.
Nikalala chali juu ya lami inayochoma,
nati ikazunguka, ikazunguka, haishiki.
"Resi imekwisha," nikasema, kama anayetoa tanzia.
"Resi ndiyo nini?"
Vile vijifereji, nikamwambia, vinavyoshikana.
Akachomoa guniani kipande cha tai-tai,
uzi ule ule anaofungia mbegu za mwani
maji yakijaa na kutoka, kutwa mara mbili.
Akauviringisha kwenye nati, mizunguko saba,
akaulowesha kwa mate, akanipa chini ya gari.
"Huu haufunguki mpaka nitake mimi."

Ukashika.

Nilikuwa na lita tatu za akiba.
Kombo fundi, kwenye simu: "Lita tatu? Hayo maji ya kunawa."
Duka la Kinyasini lilikuwa na nne, za pikipiki.
Tukazichanganya, Mungu anisamehe.
Kijiti kikagusa alama ya chini, kikagusa tu,
tukaenda gia ya pili, kila kilima nikishuka kuchungulia.

Mzani tuliukuta umefungwa.
Mize hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.
Alinyoosha kidole kwenye dashibodi,
akabandua plasta taratibu, kama ya kidonda cha mtoto,
akaniwekea kiganjani.
"Hata kama haiwaki," akasema, "iache itazamwe."

Mwezi wa pili huu. Nati mpya ninayo mfukoni,
uzi bado umo, haujatoa hata tone.
Taa ni mfu vile vile.
Kila mteremko naitazama.